Paa la Kusomea

Pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Tiara, kile kishada cha watoto kisichotulia hewani, na hakuwahi kulichukia jina hilo, maana hakuwa na nafasi ya kuchukia kitu. Mwanamke huyu hatulii. Akisubiri mashine imalize kuzungusha mashuka, anakunja foronya. Foronya zikiisha anafagia, na pakishakuwa safi anafagia tena. Chai anainywa amesimama, kikombe mkono mmoja, kitambaa cha kufutia mkono mwingine. Wenzake walikuwa na msemo wao kwamba siku Tiara akionekana amekaa kitako saa za kazi, watu waanze kuchangia sanda.

Alipotimiza miaka arobaini na minne, wasiwasi wake ukapata pa kwenda. Chumba kile kina mashine nne kubwa, kila moja inameza mashuka ya wodi nzima, na haupiti muda moja inagoma. Ikigoma anaitwa fundi mitambo kutoka mbali, na fundi huyo haji leo wala kesho. Sasa wagonjwa hawaachi kulalia mashuka eti kwa sababu mashine imekufa, kwa hiyo Tiara na wenzake hufua kwa mikono kwenye mabeseni mpaka vidole vinababuka. Kisha fundi anafika na kisanduku chake, anafungua kifuniko cha nyuma, anaingiza mkono, na kwa muda usiotosha hata kumenya viazi vya mchana, mashine inanguruma. Tiara alijaribu kuchungulia. Fundi akakiziba kifuniko kwa mgongo wake mpana, na Tiara akisogea kulia, mgongo nao unasogea kulia.

"Kaka, nionyeshe basi mara moja tu," alimwambia.

"Dada, hivi vitu vinasomewa," fundi akajibu bila kugeuka.

Maneno hayo yalimkaa kooni. Mashine ilipogoma tena hakusubiri mtu. Alikifungua kifuniko mwenyewe kwa kisu cha mezani, akavuta mpira mmoja alioona umelegea, na maji ya sabuni yakafurika chumba kizima, yakatoka mlangoni, yakaenda kuwasalimia akina mama kwenye wodi ya wazazi. Alipewa onyo. Mwingine angenywea. Yeye alichojifunza ni kwamba ule mpira haukuwa wenyewe.

Chuo cha ufundi kilikuwa na masomo ya jioni kwa watu wazima, mwaka mmoja, mitambo ya kufulia, majokofu na pampu. Tiara alikwenda kufanya mtihani wa kuingia akiwa amevaa viatu vya kazini, akapita. Karani wa dirishani akamwambia awamu ya kwanza ya ada iwe imelipwa kabla ya Jumatatu ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana.

"Nikichelewa kidogo?"

"Hapa hatugombani na mtu, mama. Ukichelewa, anaingia anayekufuata."

Basi mwezi ule mzima Tiara akawa hashikiki. Nusu ya awamu hiyo aliyokuwa ameidunduliza ilikuwa ndani ya soksi, na ile nusu nyingine ilikuwa popote pale duniani, ila haikuwa kwake.

Alianzia kazini. Afisa utumishi alimkaribisha kiti vizuri sana, na Tiara alipaswa kujua kwamba mtu anayekukaribisha vizuri hivyo ana lake. Mfuko wa mafunzo upo, afisa alisema, lakini ni wa watumishi wasiozidi miaka thelathini na mitano. "Ni wa wale ambao bado tunawaendeleza, mama yangu."

"Na mimi?"

"Wewe umeshafika."

Amefika wapi, hakuambiwa. Alitoka pale akarudi kwenye mabeseni.

Akaenda kwenye ofisi ya mikopo, akakutana na kijana mwenye shati lililopigwa pasi vibaya, na kwa jicho la kazi yake Tiara alishindwa kuacha kuitazama ile kola. Kijana aliuliza dhamana. Nyumba ilikuwepo, lakini kiwanja ni cha ukoo wa mumewe na hakina hati. Televisheni ilikuwepo, kijana akauliza ni ya mwaka gani, akacheka kidogo. Halafu akauliza mkopo ni wa biashara gani, na aliposikia ni wa kusoma, akaweka kalamu chini.

"Sisi tunakopesha kitu kinachozunguka. Leo unanunua, kesho unauza. Kusoma hakuzunguki, mama."

Akampigia simu mdogo wake wa kiume. Huyu, ada yake ya sekondari yote ilitoka kwenye mashuka ya wagonjwa, na yeye mwenyewe hujisifia dada yake mbele za watu. Alimsikiliza mpaka mwisho. "Dada, kwa umri huo kweli? Si upumzike sasa."

"Nimekuambia nimechoka?"

"Hujasema, ila mimi nakuonea huruma."

Alikuwa anampenda, hapo ndipo palipouma. Jioni yake akamtumia pesa ya soda. Tiara aliitazama kwenye simu mpaka kioo kikazima chenyewe, kisha akainuka akaosha vyombo vilivyokuwa tayari visafi.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Alifanyia kazi barazani pa nyumba yao, kiti kifupi, nyundo na sindano, na kukaa ndiyo ilikuwa riziki yake. Watu walishangaa hawa wawili waliwezana vipi. Yeye alijua habari za chuo, alikuwa amesema "sawa" siku ya kwanza na hakuibadilisha, lakini watoto wawili walikuwa bweni na viatu haviharibiki kwa kumhurumia fundi. Hakuwa na cha kumpa, na hakujifanya anacho.

Likabaki kundi la upatu. Walikuwa wanawake kumi na wawili, kila mwisho wa mwezi kila mmoja anatoa fungu lake, jumla yake anapewa mmoja, mwezi unaofuata mwingine. Mwenyekiti wao alikuwa muuza mchele, mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu aliyeitwa Mama Mchele hata na wajukuu zake, na mikutano ilifanyikia nyuma ya duka lake kati ya magunia. Zamu ya Tiara ilikuwa mbali, ng'ambo ya miezi minane. Lakini zamu huweza kuvutwa mbele kwa mambo matatu: ugonjwa, msiba na nyumba. Masomo hayamo. Hakuna aliyeyakataza, hayakumjia tu mtu akilini wakati wa kupanga.

Tiara alisimama siku ile akiwa amepiga moyo konde kusema kweli. Mdomo ulishafunguka. Macho yake yakamwangukia msusi, aliyekuwa ameketi kwenye gunia la mwisho. Mwaka uliopita msusi alijiandikisha kwenye darasa la watu wazima la kusoma na kuhesabu, akawatangazia kwa furaha, na kuanzia hapo kila mkutano ikawa "mwanafunzi, umemaliza kazi ya nyumbani?" na "mwanafunzi, mwalimu kakuchapa leo?" Tiara naye alicheka siku zile, tena alicheka sana. Msusi hakumaliza hata mwezi darasani.

"Paa langu," Tiara akasema. "Linavuja."

Wakaguna kwa huruma wote kwa pamoja. Mtu mzima kusema nyumba yake inavuja hakumpunguzii chochote, kila nyumba ina lake. Kusema kwamba kuna kitu hakijui na anataka kwenda kukaa darasani afundishwe, hilo ndilo lilimshinda. Na si kwamba alitunga kila kitu. Mabati yake yalikuwa na kutu, na jikoni, mvua ikiwa ya kishindo, tone moja moja lilipenya. Aliondoka pale akijitetea moyoni njia nzima, na alipofika nyumbani bado alikuwa anajitetea.

Walikubaliana zamu yake iwe Jumamosi. Tiara alihesabu hivi: Jumamosi anapokea, Jumatatu asubuhi anaomba ruhusa kazini, kabla ya saa sita amelipa. Usiku wa kuamkia Jumamosi hakupata usingizi wa maana. Asubuhi kazini alikunja mashuka kwa kasi, mpaka mwenzake akamwambia hayo ni mashuka, si maadui.

Mchana akaanza safari ya kurudi, na alipokata kona ya mtaa wao akasikia nyundo. Hakushangaa, mume wake ana nyundo. Ila nyundo ya viatu haina kishindo kile. Akaongeza mwendo, akaona kwanza mkokoteni mlangoni, kisha watu, kisha anga mahali ambapo hapakupaswa kuwa na anga. Upande wa chumba chao cha kulala ulikuwa wazi kabisa, mbao zimebaki tupu, na mabati ya zamani yamerundikwa uani. Upande wa sebule ulikuwa unang'aa mabati mapya mpaka macho yanauma. Juu yake amechuchumaa fundi wa paa, misumari mdomoni. Chini, kwenye mikeka, wameketi wanawake wa upatu na Mama Mchele katikati yao akijipepea na kipande cha katoni.

Mumewe alikuwa ameshikilia ngazi. Tiara hakuwa amemwona na uso ule tangu mtoto wao wa pili azaliwe.

"Mama," akamwambia, "kumbe uliomba paa na hukuniambia. Mimi nilikuwa najisemea labda mwaka kesho, labda mwaka kesho kutwa."

Ni hapo Tiara alipokumbuka jambo alilolijua miaka yote. Zamani mwenzao mmoja alipewa pesa za matibabu ya mwanawe, pesa zikaishia mfukoni mwa mume na mume akaishia anakojua mwenyewe. Tangu siku hiyo zamu ikivutwa kwa shida, kundi halitoi pesa mkononi. Kwa ugonjwa wanakwenda kulipa hospitali wenyewe. Kwa msiba wananunua mahitaji wenyewe. Paa hakuna aliyewahi kuomba, na Tiara katika haraka zake hakujiuliza kwa nini paa liwe tofauti.

Aliizunguka nyumba. Akaizunguka tena. Alipopita mara nyingine mbele ya mikeka, Mama Mchele aliacha kujipepea.

"Wewe mtoto, kaa chini ule. Furaha gani hiyo ya kuzunguka kama umepoteza ng'ombe?"

"Fundi, hebu shuka kwanza," Tiara akasema.

"Nishuke? Msumari uko nusu," fundi akajibu kwa tabu, maana mingine ilikuwa mdomoni.

"Uache nusu."

Nyundo ikanyamaza. Wanawake wakatazamana. Mama Mchele akagonga mkeka kwa kiganja. "Kaa useme."

"Nikikaa siwezi kusema."

"Basi sema umesimama, ila simama mahali pamoja."

Tiara akasimama mahali pamoja. "Paa halivuji," akasema.

"Linavuja kidogo, jikoni," mumewe akadakia, akidhani anamsaidia.

"Baba, nyamaza tafadhali." Akawageukia wanawake. "Halivuji la kuvutia zamu. Nilitaka pesa ya chuo. Nataka kusomea ufundi wa zile mashine za kazini, na mwisho wa kulipa ni keshokutwa mchana. Niliona aibu kusema, nikasema paa. Nimewadanganya."

Fundi wa paa, aliyekuwa amefika katikati ya ngazi, akabaki pale pale, hajui kama ashuke au apande. Uso wa Mama Mchele ulikuwa umekaza, na Tiara alijua kwamba kinachomuuma si pesa.

"Uliona aibu kwa nani? Kwa sisi?"

"Mngecheka."

"Nani angecheka?"

"Mlimcheka yule." Akamtazama msusi. "Tulimcheka. Na mimi nilikuwemo."

"Tulikuwa tunamtania tu," mmoja akasema.

Msusi alikuwa akichezea kamba ya kiatu chake. "Najua," akasema polepole. "Na mimi nilikuwa nacheka na ninyi. Ila nikifika mlangoni pa darasa nawasikia, basi nikawa narudi nyumbani."

Mama Mchele alimtazama msusi muda mrefu, kisha akageuka kwa Tiara, na sauti yake ilikuwa imeshuka lakini haijalainika.

"Hizo mashine, ndani zina nini? Tueleze tunacholipia."

Tiara akainua mikono kuonyesha, kama anavyoonyesha kila kitu. Mikono ikabaki hewani. Alifikiria kutaja ule mpira, akaona ni upuuzi.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Sijui, Mama Mchele. Kuna kitu kinazunguka, na kuna kitu kingine kinakizungusha. Nimefua humo miaka kumi na tisa na sijui ni nini. Nikiuliza naonyeshwa mgongo. Nimechoka kutojua, hilo tu."

Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Hata hivyo alikuwa ametua mzigo, na alishangaa jinsi ulivyokuwa mdogo baada ya kuutua.

"Hayo ndiyo ungesema siku ile," Mama Mchele akasema. "Tungecheka, ndiyo. Sisi tunacheka hata mazishini. Halafu tungetoa." Akashusha pumzi. "Haya, mabati hayajapigwa msumari yote. Mwenye duka la mabati tunapakana ukuta, akinikatalia kuyapokea nitamwambia alipe kwanza mchele alionikopa. Atakata chake, lakini pesa itapatikana. Ila sasa hivi una paa au una chuo, vyote viwili hapana. Shemeji, nyumba ni yako. Unasemaje?"

Wote wakamgeukia mume. Alikuwa bado ameishika ngazi. Aliyainulia macho yale mabati yanayong'aa upande wa sebule, kisha ule upande wenye anga, na Tiara akamwona anavyoyatazama, na moyo ukamuuma kweli. Alitamani amkatalie. Mume angemkatalia, yeye angekasirika, angelia, angerudi kwenye mabeseni yake na kosa lingekuwa la mtu mwingine.

"Zamu ilikuwa ya nani?" mume akauliza.

"Ya mkeo."

"Sasa mbona mnaniuliza mimi."

Akaiachia ngazi, akaenda kukaa kwenye kiti chake kifupi barazani, akachukua kiatu cha mtu, akakitazama soli bila kukishona.

Tiara akamgeukia fundi wa paa. "Yale ambayo hayajapigwa msumari," akasema, "yarudi dukani."

Fundi wa paa ndiye aliyelalamika kuliko wote. Alisema bati kuukuu likishang'olewa halirudi kama lilivyokuwa, misumari imeshalitoboa na kutu italipasua, yeye atapaka lami kwenye matundu lakini asije akatafutwa mvua ikinyesha. Tiara alimshikia ngazi. Kundi nalo likakata shauri pale pale kwamba kwa uongo wake, mzunguko ujao atakuwa wa mwisho kupokea, akakubali. Walipokuwa wanaondoka msusi alichelewa nyuma, akamuuliza kwa sauti ya chini kama pale chuoni wanafundisha na kusoma pia. Tiara akamwambia hajui, ataulizia.

Jumatatu alilipa. Karani alichukua pesa kama anayechukua nauli, akampa risiti, akamwita mwingine. Tiara alisimama nje ya dirisha lile kwa muda, akisubiri kujisikia vizuri, na kujisikia vizuri hakukuja. Njia nzima aliona bati lake jipya na bati lake kuukuu, nyumba moja, kama mtu aliyenyolewa nusu.

Darasa lilianza Jumatano jioni. Walikuwa watu kama ishirini, wengi wao wa umri wa watoto wake, na mbele juu ya meza ndefu palikuwa na mashine kuukuu ya kufulia. Mwalimu alikuwa hajamaliza kujitambulisha mvua ikaanza. Ilianza taratibu, ikashika kasi, ikawa inapiga paa la chuo mpaka mwalimu akapandisha sauti. Tiara hakusikia neno. Alivumilia alivyoweza, kisha akatoka nje kwenye korido, akampigia mumewe.

"Inanyesha huko?"

"Inanyesha."

"Chumbani kukoje?"

Nyuma ya mume ilisikika ndoo ikiburutwa sakafuni.

"Kunavuja."

"Wapi?"

"Upande wako wa kitanda," akasema. "Na wangu."

"Nakuja."

"Uje ufanye nini? Uzibe kwa kiganja?"

"Baba, godoro litalowa. Nguo ziko—"

"Nimeshahamishia sebuleni. Godoro, nguo, viatu vya watu, vyote. Mimi nipo hapa chini ya mabati mapya, sina shida." Mvua ilisikika pande zote mbili za simu. "Mama, nisikilize. Nusu ya paa letu iko huko kwako. Usitoke ukaiacha peke yake."

Machozi yakamtoka pale kwenye korido, mtu mzima, mbele ya kijana mmoja aliyekuwa akipita na mwavuli. Mumewe akamuuliza kama bado yupo. Akasema yupo, akazima simu, akarudi darasani.